Mpagazi Asiye na Kete: Kuhusu Kubadili Sheria za Mchezo wa Vita

Utangulizi

Sisi wanafunzi wa fasihi tumezoea kuhakiki riwaya, tamthilia na ushairi, na siku tukijisikia wakarimu tunazikumbuka ngano na vitendawili. Mchezo wa mezani hatuugusi. Tunauona ni shughuli ya watu waliokosa kazi. Katika makala haya nakusudia kuonyesha kwamba mchezo wa vita wa mezani ni kazi ya sanaa yenye msimulizi, wahusika na msimamo, na kwamba msimamo huo haukai katika picha zilizochorwa ubaoni bali katika sheria. Kwa hiyo anayebadili sheria ya mchezo wa namna hii anafanya kazi ile ile ya mtunzi anayebadili msimulizi wa hadithi. Anaweza kuifanya vizuri, anaweza pia kuboronga, na kazi ya mhakiki ni kusema ni lipi kati ya hayo limetokea.

Mchezo nitakaouhakiki haujachapishwa. Umechorwa kwa mkono juu ya karatasi nne za manila zilizogundishwa pamoja, na waliouchora ni vijana watatu wa Mukendo, Musoma mjini. Nimeucheza mara nyingi kiasi cha kuwa na haki ya kuusema. Unahusu Vita Kuu ya Kwanza katika Afrika ya Mashariki. Ramani yake inaanzia Reli ya Kati kusini hadi Ghuba ya Kavirondo kaskazini, na toka Ziwa Viktoria hadi Kilimanjaro. Sheria zake za mwanzo hazikutungwa Mukendo. Zilikopwa kutoka katika jadi ya michezo hii huko Ulaya na Marekani, kisha vijana wakaanza kuzifumua moja moja. Kuna walichofumua vizuri na kuna walichoharibu, na makala haya yanahusu hayo yote mawili.

Asili ya mchezo na namna unavyochezwa

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuuona: ramani ya nchi hufunikwa kwa wavu wa pembesita, mithili ya sega la nyuki. Kila kikosi ni kipande kidogo cha kadibodi, yaani kete, chenye tarakimu mbili, moja ya nguvu na moja ya mwendo. Pembesita haikuchaguliwa kwa ajili ya urembo. Katika miraba, anayekwenda mshazari hupata safari ndefu kwa gharama ndogo. Katika pembesita jirani zote sita wako mbali sawa na kitovu, na hakuna mwenye nafasi ya kudanganya.

Mchezo huu una ukoo wake. Mwaka 1824 ofisa wa Prusia, Reisswitz mdogo, alichapisha Kriegsspiel, mchezo wa kufundishia maofisa vita, akiendeleza kazi iliyoanzwa na baba yake. Wachezaji hawakuonana majeshi. Katikati alikaa mwamuzi aliyejua yote. Baadaye, mwaka 1876, Verdy du Vernois alisema sheria zimezidi mno na majedwali yanawachosha watu, hivyo akamwachia mwamuzi mwenye uzoefu aamue kwa akili yake. Huko Marekani, Charles S. Roberts alitoa mchezo wa Tactics mwaka 1954, kisha akaanzisha kampuni ya Avalon Hill, na mwaka 1961 toleo jipya la mchezo wao wa Gettysburg likatumia pembesita. Tangu hapo wavu huo umekuwa kama vina na mizani ya michezo hii.

Sheria zenyewe kwa kawaida zina nguzo tatu. Ya kwanza ni mwendo: bonde, msitu na kinamasi kila kimoja kina gharama yake. Ya pili ni mapigano: unalinganisha nguvu, unatupa dadu, unasoma jedwali la matokeo. Ya tatu ni ugavi: kila kikosi lazima kiweze kuhesabu njia isiyokatwa hadi kwenye chanzo cha chakula na risasi, yaani reli au bandari. Kikikosa njia, kinadhoofika na hatimaye kinaondolewa. Nguzo hii ya tatu ndiyo iliyozua kasheshe Mukendo.

Sheria kama msimulizi

Kabla ya kwenda Ikoma, tukumbushane jambo tunalolijua sote. Mwaka 1954 Kaluta Amri Abedi alitoa Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri. Mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi, mtoto wa Ukerewe, jirani zetu wa ng'ambo ya maji, akatoa Kichomi, diwani ambayo mashairi yake hayakujali vina na mizani. Ugomvi uliofuata tumeusoma mpaka tukauota: wanajadi wakasema haya si mashairi, wanamabadiliko wakasema sheria ni pingu. Ninachokiona mimi katika ugomvi ule ni kwamba pande zote mbili, hata zilipotupiana maneno makali, zilikubaliana juu ya jambo moja: sheria ya utunzi si pambo. Ukiigusa, unagusa kinachoweza kusemwa. La sivyo wasingegombana.

Mfano wa pili ni Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyotoka mwaka 1969. Mwandishi hakuficha kwamba Kinjeketile wake ni mtu wa kubuni, si nakala ya yule wa historia. Aliibadili historia akiwa na sababu, na akatuambia kwamba ameibadili. Hivi ndivyo vipimo viwili nitakavyovitumia kwa vijana wa Mukendo: je, sheria waliyoibadili ni ile inayobeba nyumba? Na je, wanajua na wanasema wanapotoka kwenye ukweli na kuingia kwenye ubunifu?

Mtu anaweza kuuliza: mchezo una msimulizi gani, wakati wachezaji ndio wanaoamua mambo? Jibu ni kwamba msimulizi wa mchezo ni yule anayeamua nani awe na kete. Mwenye kete anaonekana, anahesabiwa, anasubiriwa zamu yake. Asiye na kete hayupo hata kama alikuwapo kwa maelfu. Katika sheria za kukopa, Mwingereza ana kete, Mjerumani ana kete, Mbelgiji ana kete, hata mtumbwi una kete. Mpagazi hana. Yeye ni mstari usioonekana unaopitia pembesita tupu, na jina lake ni "ugavi".

Ikoma, 1917: sheria inaposhindwa na historia

Sasa tuijaribu sheria hiyo ya ugavi kwa tukio la huku kwetu. Mwezi Februari 1917 kapteni wa Kijerumani, Max Wintgens, alijitenga na wenzake kusini-magharibi ya nchi akiwa na askari mia kadhaa, akaelekea kaskazini. Mwezi Mei aliugua, akajisalimisha kwa Wabelgiji, na uongozi ukachukuliwa na Heinrich Naumann. Naumann akavuka Reli ya Kati mwishoni mwa Mei, akapanda hadi boma la Ikoma, ambalo leo liko katika Wilaya ya Serengeti, mkoani Mara. Mwishoni mwa Juni Wabelgiji walimshambulia pale Ikoma wakapigwa vibaya. Kisha akageuka mashariki, akazunguka hadi upande wa Kilimanjaro, na hakukamatwa mpaka mwanzoni mwa Oktoba.

Katika mchezo wetu zamu moja ni siku kumi na pembesita moja ni kilometa ishirini. Sheria ya mwanzo ilisema: kikosi kisicho na njia ya pembesita nane hadi kwenye reli au bandari ya upande wake hupoteza nusu ya nguvu zamu ya kwanza, na zamu ya pili huondolewa. Kufikia katikati ya 1917 reli na bandari zote za ramani yetu zilikuwa mikononi mwa adui za Naumann. Kwa hiyo, kwa mujibu wa sheria, Naumann anakufa siku ya ishirini baada ya kuvuka reli. Ikoma hafiki. Mapigano ya Ikoma hayawezi kutokea kabisa! Mchezo unaojiita wa kihistoria unazuia historia isitokee.

Kosa liko wapi? Sheria ile iliandikwa kwa ajili ya vita vya Ulaya, ambako jeshi lisilo na reli linakwisha mapema. Huku kwetu hapakuwa na reli ya kuelekea Ikoma, na wanyama wa kubeba hawakufaa: mbung'o aliwamaliza farasi, nyumbu na maksai wa majeshi yote kwa maelfu. Aliyebeba ni binadamu. Aliyelisha ni ghala la mwanakijiji. Safu ya Naumann haikuwa jeshi lisilo na ugavi. Ugavi wake ulikuwa kila kijiji ilichokipitia.

Hapa ndipo ninapowavulia kofia vijana wa Mukendo. Hawakubadili sheria kwa huruma, eti mpagazi naye atajwe kwa kuwa ni ndugu yetu. Waliibadili kwa sababu bila mpagazi mchezo haukubali. Wahakiki tukumbuke tofauti hiyo. Dhamira nzuri iliyobandikwa juu ya kazi kama stempu huonekana imebandikwa. Hapa dhamira imezaliwa kutokana na fani iliyokwama.

Punje na kokoto

Sheria mpya ni hii. Kila pembesita yenye makazi huwekewa punje mbili za mahindi na kokoto tatu. Punje ni chakula, kokoto ni watu. Kikosi kisicho na njia ya reli kikilala hapo, hula punje moja na kuchukua kokoto moja ya kubebea. Kokoto ikishatembea na jeshi zamu mbili, inachoka, na lazima ichukuliwe nyingine. Wakati wa mavuno pembesita hurudishiwa punje moja, lakini kwa sharti kwamba imebakiwa na walau kokoto mbili, maana chakula hulimwa na watu.

Zamu mbili za kokoto hazikuokotwa hewani. Mpagazi hubeba kama kilo 25 na hula kama kilo moja kwa siku. Piga hesabu mwenyewe: akitembea siku kumi na mbili kwenda na kumi na mbili kurudi huku akila mzigo wake, amefika nyumbani na mfuko mtupu, na jeshi halikupata kitu. Kutoka Reli ya Kati hadi Ikoma ni zaidi ya kilometa 300. Ukitaka gunia moja lifike, lazima uwe na watu wa kuwabebea chakula watu wanaobeba chakula. Ndiyo maana makadirio ya wanahistoria kuhusu wapagazi wa upande wa Waingereza yanafikia watu milioni moja, na waliokufa wanatajwa kukaribia laki moja, wengi kwa maradhi na njaa wala si kwa risasi. Majina ya Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi yametokana na jeshi hilo la wabebaji. Tunapita pale kununua vitambaa bila kukumbuka.

Matokeo ya sheria hii mchezoni ni makubwa. Kwanza, Naumann sasa anafika Ikoma. Pili, Mwingereza na Mbelgiji wanaomfuata nyuma wanakuta mashimo matupu: punje zimeliwa, kokoto zimechukuliwa, nao inawabidi wazunguke au wasubiri mzigo kutoka ziwani. Mchezaji anaelewa kwa tumbo lake ni kwa nini safu moja ndogo iliwahangaisha watu wengi muda wote ule. Tatu, mwaka unaofuata ramani haifanani tena na ilivyokuwa. Kule Ugogo, ambako majeshi yalichukua nafaka, mifugo na watu, njaa iliyofuata kati ya 1917 na 1920 ilipewa jina, Mtunya. Sheria ya punje na kokoto inaweza kuizaa Mtunya yenyewe ubaoni bila mtu kuiandika kwenye kadi. Huo ndio usimulizi ninaoupenda: sababu inazaa tokeo mbele ya macho yako.

Dosari iliyobaki ni ndogo lakini inaniudhi. Kokoto iliyochoka hurudishwa kwenye kopo. Kopo ni nini? Ni mahali pa vitu visivyotakiwa kuonekana. Pendekezo langu ni kwamba kokoto iliyochoka iachwe pale pale ilipochokea, katikati ya pori, na isiondolewe hadi mwisho wa mchezo. Haitazuia mwendo wa mtu wala haitaongeza nguvu za mtu. Lakini kila safari ndefu itakuwa imejichorea njia yake ya kokoto, na mchezaji atakayeipita njia hiyo zamu ya kumi atajua ni nani aliyeichora.

Kete haifi: mchango wa bao

Badiliko la pili limetoka kwenye bao, na ndilo lililonifurahisha zaidi. Katika mchezo wa pembesita, kikosi kilichoshindwa huondolewa ubaoni, basi, habari yake imekwisha. Katika bao, kete iliyoliwa haitoki nje. Mlaji huichukua akaipanda upande wake, nayo kuanzia hapo hupiga kazi kwa ajili yake. Kete 64 zilizoanza ndizo 64 zitakazomaliza. Anayeshindwa hajaishiwa watu duniani. Ameishiwa watu upande wake.

Vijana wakasema: kikosi cha askari kikizingirwa na kushindwa, nusu ya nguvu zake huhamia kwa mshindi baada ya zamu tatu. Wapo waliocheka. Eti askari wa Mjerumani atageukaje kuwa wa Mwingereza kama komwe? Lakini historia iko upande wa bao. Mwaka 1917 Waingereza waliunda kikosi cha 6 cha King's African Rifles wakitumia askari waliokuwa wa Wajerumani na kutekwa. Mtu yule yule, mguu ule ule, amri nyingine. Na kwa mpagazi ndiyo zaidi: nani alimuuliza mzigo anaoubeba ni wa mfalme gani? Sheria ya bao inasema kweli ambayo sheria ya Gettysburg haiwezi kuisema, kwa sababu kule walipigana watu wenye taifa, na huku wengi waliopigana walipiganishwa.

Bao pia linatufundisha adabu ya kubadili sheria. Watu wa pwani wana bao la kujifunza, ambalo kila shimo huanza na kete mbili, na wana bao la kiswahili, ambalo mchezaji huanza na kete kumi ubaoni, sita kati yake zikiwa ndani ya nyumba, na 22 mkononi. Hakuna anayesema moja limevunja jingine. Kila moja linajulikana kwa jina lake na watu hukubaliana kabla ya kuanza kupanda. Vijana wa Mukendo hawajafika hapo. Wanabadili sheria jioni, kesho yake mwenzao aliyekosekana anajikuta anacheza mchezo asioujua. Huo si ubunifu, ni kuonea watu.

Mabadiliko yaliyokwenda kombo

Si kila kilichobadilishwa kinafaa kusifiwa. Nitataja mawili.

La kwanza ni kadi ya nyuki. Tarehe 4 Novemba 1914, katika mapigano ya Tanga, nyuki walivamia wapiganaji, na tangu hapo watu hawasimulii Tanga bila nyuki. Vijana wakaweka kadi ya nyuki kwa kila pembesita ya msitu: ukiivuta, kikosi kinakimbia. Inachekesha mara ya kwanza. Mara ya tano unaanza kujiuliza inasema nini. Waingereza walioshuka Tanga walikuwa yapata 8,000 na waliokuwa wakiwangoja walikuwa yapata 1,000. Walishindwa kwa sababu walipoteza muda, hawakuipeleleza nchi, na wengi wao hawakuwa wameandaliwa kwa vita ile. Nyuki waliwauma watu wa pande zote mbili. Ukimpa nyuki kadi, unampa jemadari mzembe kisingizio, na unaifanya nchi yetu iwe mahali pa vioja ambapo mambo hutokea bila sababu. Ni sheria iliyobuniwa na mgeni hata kama mkono ulioichora ni wa Mukendo. Mbona hawakuweka kadi ya mwamba? Mwezi huo huo wa Novemba 1914 meli ya Waingereza, Sybil, ilikwama kwenye miamba karibu na Majita, mwendo mfupi kutoka Musoma. Lakini mwamba haukuhitaji kadi, kwa kuwa mwamba umechorwa kwenye ramani, na nahodha asiyeijua ramani huupata. Hiyo ndiyo tofauti kati ya sababu na kioja.

La pili ni alama za dhambi. Mwishoni mwa mchezo kila mchezaji hupunguziwa alama moja kwa kila kokoto iliyochoka mikononi mwake. Najua nia yake ni njema. Tatizo ni kwamba, mara tu unapoweka bei, mchezaji hupiga hesabu kama mchuuzi: boma la Ikoma lina alama kumi na mbili, kokoto nane zitachoka, faida nne, twende. Sheria iliyokusudiwa kumshtua imempa risiti. Wenzetu wengi wanaandika tamthilia namna hii: sura nzima watu wanafanya wapendavyo, halafu mwishoni anatoka mzee kutoa mawaidha. Mawaidha ya mwisho hayabadilishi kitu kilichokwisha kutendeka jukwaani. Kijiji kitupu kinachokukwamisha zamu ya kumi kina nguvu kuliko alama mia za dhambi, maana kinakukuta wakati bado unataka kushinda.

Mchezaji wa tatu

Limebaki jaribio moja, ambalo ndilo zito kuliko yote na halijakamilika. Mmoja wa vijana alipendekeza mchezaji wa tatu: kijiji. Wawili wagombanie boma, na wa tatu atafute kuvuka vita akiwa na kokoto zake.

Tulijaribu. Ukweli ni kwamba mchezaji wa tatu alichoka kwa kukaa bure. Zamu yake ikifika hana la kufanya ila kutazama anavyoliwa. Wapinzani wakasema, mnaona, mwanakijiji hana mchezo, ndiyo maana watunzi wa zamani walimwacha nje. Hoja hii naikataa kabisa. Mchezaji yule alikaa bure kwa sababu sheria ilimpa kete ikamnyima vitendo. Ni sawa na riwaya inayomtaja mkulima katika kila ukurasa na kumfungua mdomo mara moja tu, aseme "ndiyo bwana". Watu wa wakati ule hawakukaa kutazama. Walikimbia waandikishaji, wakalala porini, wakaficha chakula, wakahamisha mifugo. Hivi ni vitendo, na kila kimoja kinaweza kuwa sheria: kufukia punje, kuhamisha kokoto pembesita moja usiku, kutoa njia isiyo yenyewe.

Lakini kuficha hakuwezekani mezani ambapo kila mtu anaona kila kitu. Hapa ndipo Kriegsspiel ya zamani inapotufaa kuliko ile ya Wamarekani. Turudishe mwamuzi. Mwenye kijiji aandike kwenye kikaratasi alikofukia punje, ampe mwamuzi, na jeshi likifika liulize, litafute, lipoteze muda. Ninajua hatari yake. Mwamuzi anaweza kupendelea, hasa kama kijiji kilichoko ubaoni ni cha kwao. Basi naapate sheria chache zinazomfunga, na zilizobaki aachiwe busara. Ndivyo tunavyomwachia fanani wa ngano: mifupa ya hadithi haibadilishi, lakini urefu wa usiku anaupima mwenyewe kwa kuwatazama wasikilizaji.

Hitimisho

Nimesikia wenzetu wakisema kwamba mchezo ni mchezo tu, na kwamba ukiupa mzigo wote huu utaacha kupendeza. Hofu hiyo ina msingi, na mchezo usiochezeka haumsaidii mtu, kama vile shairi lisilosomeka. Lakini mchezo wa Mukendo haukupungua utamu ulipopewa punje na kokoto. Uliongezeka, kwa sababu mchezaji sasa ana mambo mawili ya kuhofia badala ya moja: adui aliye mbele na nchi inayokwisha chini ya miguu yake.

Suala hili halikomei 1917. Wapo wanaotaka kuchora mchezo wa Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, na mkoa huu alikozaliwa Mwalimu hautakosa wachezaji. Wataanza na vifaru, mizinga na daraja la Kyaka lililobomolewa Novemba 1978. Ningependa kuwauliza mapema: wale wenye vijiji kati ya mpaka na Mto Kagera, waliokimbia na kuacha migomba na ng'ombe, watakuwa na kete au watakuwa pembesita tupu? Swali hilo lijibiwe wakati sheria zinaandikwa, si baada ya rangi kukauka.

Kwa vijana wa Mukendo ushauri wangu ni huu. Shikeni sheria ya punje na kokoto, na ile ya kete isiyokufa. Hizo ndizo zinazobeba nyumba. Tupeni kadi ya nyuki na alama za dhambi. Mpeni mchezaji wa tatu vitendo vyake na mwamuzi wake. Halafu andikeni utangulizi wa ukurasa mmoja, mseme ni sheria zipi mmezipata katika historia na zipi mmezibuni ninyi, na mpange siku moja ya mwezi ya kubadili sheria, wote mkiwapo. Karatasi za manila zinachakaa haraka, hasa kwenye mikunjo, na Ikoma iko kwenye mkunjo.